Mwezi wa Pili wa Dawa: Mafunzo ya Wahudumu wa Afya na Magonjwa ya Moyo Tarime na Serengeti



Mwaka 1929 jarida la kitabibu la Lancet, linalotolewa London, lilichapisha makala fupi ya C. P. Donnison, daktari wa serikali ya kikoloni aliyefanya kazi Kavirondo Kusini, Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Tarime. Alikuwa amewapima presha Waafrika wapatao 1,000. Presha za vijana zililingana na za Wazungu wa umri wao. Lakini kwa waliovuka miaka 40 presha hazikuwa zimepanda, na kwa waliovuka 60 zilikuwa za chini zaidi. Wagonjwa wapatao 1,800 walilazwa katika hospitali yake kwa miaka miwili, na hakuna hata mmoja aliyeandikwa kuwa na ugonjwa wa presha ya kupanda.

Makala ile imejaa lugha ya dharau ya zama zake, na mtu ana haki ya kuhoji umri wa wazee wale ulikadiriwaje. Hata hivyo naanzia hapo kwa sababu Kavirondo Kusini ilikuwa ya Wajaluo, Wakisii na Wakurya, na Wakurya hao ni ndugu wa koo zilezile za Tarime. Haikuwa nchi ya mbali. Anayetuambia leo kwamba presha ni ugonjwa wa asili yetu, au kwamba uzee lazima uje nayo, ajibiwe kwa vipimo vya babu zetu wenyewe.

Nusu karne baadaye, katika miaka ya 1980, Neil Poulter na wenzake walifanya utafiti ambao kila mwanafunzi wa afya katika Kanda ya Ziwa angepaswa kuujua. Waliwafuata Wajaluo waliotoka katika vijiji vya wakulima vya pwani ya kaskazini ya Ziwa Viktoria kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki vijijini. Presha za waliohama zilianza kupanda ndani ya miezi michache tu ya kukaa mjini. Mkojo wao ulionyesha chumvi imeongezeka na potasiamu, ile tunayoipata kwenye ndizi, maharage na mboga za majani, imepungua. Uzito uliongezeka na mapigo ya moyo yakawa ya kasi zaidi. Damu yao ilikuwa ileile na ukoo wao uleule. Kilichobadilika ni sahani na namna ya kuishi.

Sasa mtu wa Tarime hahitaji tena kupanda basi kwenda Nairobi. Mji umemfuata alipo. Tangu mgodi wa North Mara uanze uzalishaji mwaka 2002, Nyamongo imejaa fedha taslimu, vibanda vya chipsi na vijana wasiolala. Sirari ni soko la mchana na usiku. Safari aliyoitembea mama kwa saa nzima, mwanawe huenda kwa bodaboda kwa dakika kumi. Mafuta ya kula yanauzwa kwa vipimo vya bei ndogo katika kila duka la kijiji, na mchuzi hauonekani umeiva bila kiungo cha paketi ambacho sehemu kubwa yake ni chumvi. Mugumu, wilayani Serengeti, nako, tukiacha utalii na hifadhi, ni mji unaokua wenye watu wengi wanaokaa siku nzima vitini. Silaumu mtu kwa kutaka kupumzika baada ya vizazi vya jembe na ng'ombe. Nasema tu kwamba mwili una hesabu yake.

Hesabu hiyo tunayo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kwamba kati ya Watanzania 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64, wapatao 26 walikuwa na presha ya juu na 9 walikuwa na sukari ya juu. Kabla ya hapo, watafiti waliohesabu viharusi Hai na Dar es Salaam kuanzia mwaka 2003 hadi 2006 walipata wagonjwa wapya takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na takriban 316 Dar es Salaam, baada ya kusawazisha umri. Ile ya Dar es Salaam ni idadi kubwa kuliko ya nchi nyingi tajiri.

Lakini takwimu inayoninyima raha ni nyingine. Katika miaka ya 1990 watu wa Ilala na wa kijiji kimoja cha Kilimanjaro walipimwa presha nyumbani kwao. Kati ya waliokutwa na presha ya juu, chini ya mmoja kwa watano ndiye aliyekuwa anajua. Waliokuwa kwenye dawa walikuwa mmoja kwa kumi hivi. Ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa kweli, yaani chini ya 140/90, hawakufika hata mmoja kwa 100. Itazameni ngazi hiyo inavyoporomoka. Mgonjwa anapotea kabla ya kupimwa, anapotea tena akishapimwa, na anapotea mara ya tatu akiwa tayari na dawa mkononi. Mafunzo yetu mengi yameelekezwa kwenye kupotea kwa kwanza tu. Mhadhara wangu wa leo unahusu kupotea kwa tatu.

Niwapeleke kwenye zahanati, kunakoanzia kupotea huko. Ni asubuhi, foleni imefika nje hadi chini ya mwembe. Mama wa miaka 50 na kitu amepanda kilima na kikapu kichwani, kavaa sweta juu ya gauni, na anapofikia zamu yake anaketi ukingoni mwa benchi lisilo na egemeo, miguu ikining'inia. Muuguzi anamfunga mkanda wa kipimo juu ya sweta, mkono ukiwa umelegea pajani, huku anamuuliza habari za mjukuu. Mashine inasoma 158/96. Inaandikwa, dawa inatolewa, anayefuata.

Kila kitu katika tukio hilo kinapandisha namba. Mgongo usioegemea, miguu isiyokanyaga chini, mkono ulio chini ya usawa wa moyo, maongezi, kilima alichotoka kukipanda. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unaongeza zaidi. Mama huyu huenda ana presha, huenda hana. Kumpima sawasawa kunahitaji kiti chenye egemeo, dakika tano za ukimya, mkono wazi juu ya meza, kipimo cha kwanza na cha pili, na kama haijafika kiwango cha hatari, kumwita siku nyingine kabla ya kumwambia neno zito kwamba atameza dawa maisha yake yote. Nimewaona wataalamu wenye shahada mbili wakikosea hapa, na nimewaona wahudumu wa kijiji wakifanya bila kosa kwa sababu mtu alikaa nao nusu siku akawashika mkono. Ufundi huu haufundishiki kwa kuonyesha picha ukutani.

Tuseme amepimwa vizuri, karudi siku ya pili, na presha ni ya kweli. Anaanza amlodipini, kidonge kimoja kwa siku. Baada ya wiki tatu hajisikii tofauti, kwa sababu hata kabla ya dawa hakuwa anaumwa. Jirani anamwambia dawa za presha ukizianza huziachi, zitakuzoea. Vidonge vinakwisha. Siku ya kurudi ni siku ya gulio, au mvua imenyesha, au amesikia dawa hazipo. Hakuna aliyemtafuta. Mwaka mmoja na nusu baadaye analetwa kwa machela ya pikipiki, upande wa kulia hausogei, na ndugu wanabishana kama wampeleke hospitali au kwa mganga wa kienyeji kwanza. Kila mtaalamu aliyefanya kazi pande hizi amempokea mama huyu.

Mwezi wa pili wa dawa ndipo tunaposhinda au kushindwa vita hivi. Je, zahanati ina njia ya kujua kwamba hakurudi? Ninyi mnaofanya kazi huko mnalijua jibu. Kitabu namba 5 cha MTUHA, mfumo wetu wa taarifa za huduma za afya, kinamwandika mgonjwa wa nje kwa mstari mmoja kila anapokuja. Kinahesabu mahudhurio vizuri sana. Lakini asiyekuja hana mstari. Mgonjwa wa presha ambaye ameacha dawa anatoweka kabisa katika kumbukumbu zetu, na ripoti ya robo mwaka inatoka safi.

Na hapa hatuna udhuru wa kusema jambo hili haliwezekani katika nchi maskini, kwa maana tumekwisha kulifanya. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, tulijenga kliniki za CTC, yaani za tiba na matunzo, zenye kadi kwa kila mgonjwa, faili linalobaki kituoni, tarehe ya kurudi, orodha ya waliokosa, na mtu wa kwenda kuwatafuta. Matabibu na wauguzi wa ngazi za chini walifundishwa kazi ambayo mwanzoni ilidhaniwa ni ya madaktari bingwa. Ilifanikiwa. Kisha mwaka 2014 Robert Peck na wenzake wa Bugando, Mwanza, walichapisha utafiti kuhusu vituo vya kaskazini magharibi mwa Tanzania, wakaonyesha kwamba utayari wa vituo hivyo kutibu presha na kisukari ulikuwa nyuma mno ya utayari wao kwa UKIMWI, na pengo lilikuwa baya zaidi katika vituo vya afya na zahanati. Ni jengo moja, mara nyingi muuguzi ni yuleyule. Mgonjwa mwenye UKIMWI na presha kwa pamoja hufuatwa nyumbani kwa ugonjwa wa kwanza na kusahauliwa kwa wa pili.

Nini basi kifundishwe, na kifundishwe wapi?

Naanza na wapi, kwa sababu hapo ndipo tunapokosea kwa gharama kubwa. Desturi yetu ni semina. Mtu mmoja kutoka kila kituo anaitwa mjini kwa siku tatu au tano, analipwa posho, anapewa kabrasha na cheti. Katika zahanati yenye watumishi wawili, siku hizo huduma zinasimama nusu. Akirudi, hana muda wala mamlaka ya kuwafundisha wenzake, na baada ya miezi anahamishwa. Maarifa yanaondoka naye kwa gari lililobeba godoro lake. Sisemi hivi kuwabeza wanaopokea posho, maana mishahara yao inajulikana. Nasema semina ikifanyika hivyo haimfikii yule mama wa sweta.

Ninachokitetea ni mkufunzi kwenda kituoni. Muuguzi au tabibu mzoefu kutoka hospitali ya Tarime au ya Nyerere iliyoko Mugumu, afike zahanati siku ya kliniki, akae na timu nzima, pamoja na mhudumu anayefungua mlango na kugawa namba, apime nao wagonjwa halisi, afungue nao daftari. Arudi mwezi unaofuata, na unaofuata. Ziara ya kwanza ni ya kipimo. Ya pili ni ya dawa: nani aanze, nani aongezewe, nani apewe rufaa Musoma, na nani asicheleweshwe hata saa moja. Ya tatu na kuendelea ni kupitia majina ya waliokosa. Usimamizi shirikishi tunao kwenye miongozo. Tatizo ni kwamba mara nyingi umegeuka kuwa ukaguzi wa makaratasi.

Na vyuo vyetu vibebe sehemu yao. Mkoa wa Mara una Chuo cha Matabibu Musoma, kuna Kisare pale Mugumu, kuna Shirati kule Rorya. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akabidhiwe wagonjwa wachache wa presha wa kijiji kimoja, awafuatilie mwaka mzima, na sehemu ya mtihani wake iwe namba za wagonjwa hao mwishoni. Cheti hakishushi presha ya mtu. Mafunzo yapimwe kwa presha ya mgonjwa katika mwezi wa kumi na mbili wa matibabu.

Kuhusu nini cha kufundisha, niseme machache juu ya dawa, kwa kuwa miongozo ipo na inaeleweka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linashauri mgonjwa aonwe kila mwezi hadi presha ikae sawa, kisha kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Ratiba hiyo zahanati inaiweza.

Kigumu zaidi ni mazungumzo. Muuguzi wa miaka 24 ana mbele yake mzee wa miaka 65, mwenye wake na ng'ombe na neno kubwa katika ukoo wake. Hawezi kumkaripia kwamba hanywi dawa. Lakini anaweza kusema: "Shikamoo baba. Mwezi uliopita tulikubaliana dawa ya asubuhi. Kuna siku zilipita bila kidonge?" Akiuliza hivyo, mzee ataeleza. Atasema alikuwa mnadani siku tatu na dawa alizisahau, au alisikia nguvu za kiume zitapungua, au mwanawe alimwambia anunue nusu kwa sababu fedha haikutosha. Kila jibu kati ya haya lina ufumbuzi wake. Ukimkaripia atasema "nimekunywa zote", na wewe utamwongezea dozi ya dawa asiyoimeza. Mazungumzo haya yanafundishika. Wanafunzi waigize, wasahihishwe, wayarudie kwa Kiswahili na kwa Kikurya, maana wapo bibi zetu ambao Kiswahili cha kliniki kinawapita pembeni.

Zahanati nayo ina kitu inachokimiliki bila kukitumia. Kliniki ya mama na mtoto hupima presha ya kila mjamzito, na ni sahihi, kwa kuwa kifafa cha mimba kinaua. Maana yake kipimo kipo na mtu anayejua kukitumia yupo. Lakini mama mkwe aliyemsindikiza mjamzito anakaa kwenye benchi lilelile hadi saa sita na kuondoka bila kupimwa. Na mwanamke aliyepata presha katika ujauzito, ambaye tunajua hatari yake ya kuugua moyo na kiharusi ukubwani imeongezeka, akishajifungua salama tunamuaga kwa furaha na faili linafungwa. Huyu angepaswa kuwa wa kwanza katika daftari la presha. Vivyo hivyo mtoto mwenye koo linalouma mara kwa mara na viungo vinavyovimba: hapo huweza kuanza ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi, ambao sindano ya penisilini ya kila mwezi huuzuia usiharibu vali. Tukimpoteza, tutakutana naye akiwa kijana, akipigania pumzi, akisubiri upasuaji Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Nje ya kuta za zahanati kuna nguvu mpya. Januari 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwa na wahudumu 137,294 nchi nzima. Hawa wanaishi kitongojini. Wanajua nani amefiwa, nani kahama, nani anauza ng'ombe ili asafiri. Wakipewa kipima presha na orodha ya majina, mwezi wa pili haupotei. Ushahidi upo: mwaka 2020 Tazeen Jafar na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa vijiji 30 vya Bangladesh, Pakistan na Sri Lanka, ambako wahudumu wa jamii wa baadhi ya vijiji hivyo walifundishwa kupima presha na kushauri nyumba kwa nyumba, wakiunganishwa na vituo vya serikali. Baada ya miaka miwili namba ya juu ya presha ya wagonjwa wa presha wa vijiji vyao ilikuwa imeshuka kwa wastani wa alama 5 zaidi ya vijiji vya kulinganishia. Alama 5 zinaweza kuonekana ndogo kwa mtu mmoja, ila katika jamii nzima ni viharusi vingi ambavyo havikutokea.

Kinga ya jamii nzima inahitaji moyo mpana zaidi. Mwaka 1971 watu wa North Karelia, mkoa wa mashambani wa Finland wa ng'ombe, maziwa na siagi, waliiomba serikali yao iwasaidie kwa kuwa wanaume walikuwa wakifa kwa moyo katika umri wa kazi. Daktari kijana, Pekka Puska, alikabidhiwa mradi. Walifanya kazi na vyama vya akina mama, viwanda vya maziwa, walimu na wenye maduka. Katika miongo minne vifo vya moyo kwa wanaume wa umri huo vilishuka kwa zaidi ya asilimia 80. Naitaja kazi hiyo kwa sababu waliianza wenyeji wenyewe, na sisi tuna vyombo vyetu. Ritongo, baraza la mila la Wakurya, limewahi kuamua mambo mazito kuliko kijiko cha chumvi. Mzee anayeheshimiwa akisimama ritongoni, akakunja mkono wa shati akapimwa mbele ya watu, atafanya kazi ambayo mabango yetu hayawezi. Misikiti, makanisa na vikoba navyo ni hivyo hivyo. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja kidogo cha chai kwa chakula chote, dona irudi mahali pa sembe, sigara na ugoro viachwe, gongo iachwe. Nasema haya nikijua tumbaku imelisha na kusomesha watoto wa pande hizi. Mkulima anayeambiwa aache zao lake anastahili kuonyeshwa zao jingine lenye soko.

Kuna sharti moja ambalo mafunzo yote yanalitegemea. Dawa ziwepo. Ukimfundisha muuguzi vizuri, ukamtuma akamshawishi mzee, mzee akatembea akafika na kukuta rafu tupu, umeharibu kazi ya miaka. Hatarudi, na atawasimulia wenzake. Bohari ya Dawa ikikosa, mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa, atumike kabla ya siku ya kliniki, na maoteo ya mahitaji yatokane na daftari la wagonjwa waliopo badala ya kunakili takwimu za mwaka jana.

Ndugu zangu, Tarime ina halmashauri mbili, ya mji na ya wilaya, na Serengeti ina yake moja. Wakurugenzi na waganga wakuu wa halmashauri hizo tatu, ombi langu kwenu ni hili: katika mpango kabambe wa afya wa mwaka ujao, kabla ya kuandika neno semina, andikeni amlodipini ya miezi 12 kwa kila zahanati, daftari la ufuatiliaji lenye jina la kila mgonjwa, na mafuta ya pikipiki ya muuguzi mkufunzi atakayezunguka kila mwezi. Na wanafunzi, likizo hii mkifika nyumbani, wapimeni wazazi wenu wakiwa wameketi na kutulia, andikeni namba na tarehe ya kupima tena, na tarehe hiyo ikifika, pigeni simu.